Kafi Hili Lamfaa Nani?

Siku ya soko huko Basoko, pale mto Aruwimi unapomwaga maji yake katika mto Kongo, makafi mapya huegemezwa mitini ukingoni yakingoja wanunuzi. Tumesimama hapo mara nyingi tukitazama jinsi watu wanavyoyachagua. Mmoja hutazama rangi ya mti. Mwingine hupitisha kidole juu ya michoro iliyokatwa shingoni mwa kafi, hutabasamu, huuliza bei. Wa tatu huinua moja, hulitikisa kama mtu atikisaye mkuki, kisha hutoa fedha. Wachache mno ndio washukao nalo majini kabla ya kulipa.

Wanafunzi wetu hupenda kutuuliza: je, kafi lililochongwa kwa mkono ni bora? Kwa hapa kwetu swali hilo halina uzito, kwa maana karibu kila kafi lionekanalo Basoko limechongwa kwa mkono, kwa shoka, tezo na kisu. Fundi aliyechonga kumi kwa juma moja ili ayapeleke sokoni, naye ametumia mkono wake. Swali lenye uzito ni jingine. Lilichongwa kwa mkono wa fundi, naam. Lakini lilichongwa kwa ajili ya mkono wa nani?

Wazee wa mto huu walilijua jambo hilo zamani sana. Tarehe 1 Februari 1877 msafiri Henry Morton Stanley, akishuka mto pamoja na watu wake waliotoka Unguja na bara, alipigana na wenyeji hapa penye mlango wa Aruwimi. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1878 aliandika kwamba aliona mitumbwi 54, na kwamba mkubwa uliotangulia ulikuwa na wapiga kafi 40 kila upande, na nyuma watu 8 wakiuongoza kwa makafi marefu yenye vifundo vya pembe ya ndovu vichwani. Stanley aliandika kama adui, tena mwenye bunduki, na wenyeji hawakupata nafasi ya kuandika habari ya upande wao. Hata hivyo, neno moja katika maelezo yake latufaa: makafi ya mtumbwi ule hayakuwa ya namna moja. Waliokaa ubavuni walikuwa na yao, na walioongoza walikuwa na mengine marefu, kwa kuwa kazi yao ilikuwa nyingine.

Vifundo vile vya pembe vyatupeleka mbali kidogo, na wasomaji watuvumilie, maana tutarudi mtoni upesi. Siku zilezile, huko Ulaya na Marekani, pembe za ndovu wa Afrika zilikuwa zikikatwa na kuviringwa kuwa mipira ya biliadi, ule mchezo wa kusukuma mipira kwa fimbo juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Tawi moja la mchezo huo ni snuka, lililobuniwa na maofisa Waingereza huko Jubbulpore, nchini India, mwaka 1875. Mipira ya pembe imekwisha kuachwa. Lakini fimbo nzuri ya snuka hata leo ina kipande cha misitu ya Afrika: mbele ni mti mweupe wa nchi za baridi, uitwao ash au maple, na upande wa kushikia mara nyingi ni abunusi nzito, ambayo nyingi hutoka Afrika ya magharibi na ya kati.

Twaitaja fimbo hiyo kwa sababu wachezaji wake wana ubishi uleule wa ukingoni Basoko. Kanuni zao zataka fimbo isipungue urefu wa milimita 914; juu ya uzito hazina neno. Basi kila mtu hutafuta yake. Zilizo nyingi zina urefu wa sentimita 145 hadi 147, na uzito wa gramu 480 hadi 540 hivi, na ncha yenye upana wa milimita 9 au 10. Asiyecheza hawezi kutambua gramu 30 zilizozidi katika kitu cha gramu 500. Mkono wa mchezaji huzitambua kabla ya macho yake. Kwa hiyo wako watu wanaokwenda kwa fundi, wakapimwa urefu na mkono, wakangoja miezi, wakalipa fedha nyingi. Je, hucheza vizuri zaidi? Wengine, ndiyo. Wengine hupata fimbo nzuri mno ya kushindwa nayo.

Mfano ujulikanao kuliko yote ni wa Stephen Hendry wa Uskoti. Alipata ubingwa wa dunia mara 7, wa kwanza mwaka 1990 na wa mwisho mwaka 1999, naye alikuwa akitumia fimbo ya bei rahisi aliyoipata tangu ujana wake. Haikuwa fimbo ya kuagiza kwa fundi mashuhuri. Kijana na fimbo walikua pamoja mpaka mkono ukaizoea. Mwaka 2003 fimbo hiyo ilivunjika katika safari ya ndege. Watu hupenda kusema kwamba siku hiyo ndipo Hendry alipokwisha. Sisi twaona maneno hayo yamezidi. Ubingwa wake wa mwisho wa dunia ulikuwa umepita miaka minne kabla ya fimbo kuvunjika, na kwa fimbo nyingine alishinda tena mashindano makubwa, kama Malta Cup ya mwaka 2005. Fimbo haikumfanya bingwa, wala kuvunjika kwake hakukumwangusha peke yake. Lakini mwenyewe aliijua kila unyuzi wake, na ujuzi wa namna hiyo haununuliwi pamoja na fimbo mpya.

Sasa turudi mtoni.

Katika mto Kongo na katika Aruwimi wanaume wengi hupiga kafi wamesimama. Wanawake na watoto wengi huketi. Aliyesimama yu mbali na maji, hivyo mpini wake sharti uwe mrefu, ili bapa lizame lote pasipo yeye kupinda mgongo. Aliyeketi akipewa kafi hilohilo, mkono wake wa juu utapanda kupita kichwa kila apigapo, na bega litaanza kuuma kabla mtumbwi haujatoka kivulini mwa miti ya ukingo. Hayo ni mambo ya urefu tu. Kuna na upana wa bapa. Bapa pana hushika maji mengi, na mwenye nguvu hulifurahia. Lakini kwa mtu mwembamba ni kama kusukuma mlango uliofungwa. Bapa jembamba huteleza kidogo, ila laweza kupigwa mara nyingi zaidi bila kuchoka.

Na uzito? Wanafunzi wa darasa la sita na wafanye hesabu hii. Mtu apige kafi mara 30 kwa dakika, kwa muda wa saa mbili: ni mapigo 3,600. Ikiwa kafi lake limezidi gramu 200 kuliko linalomfaa, basi kabla ya kufika atakuwa ameinua kilo 720 zisizo na kazi. Hakuna mama ambaye angekubali kumtwika mtoto wake magunia hayo. Lakini kidogo kidogo, kafi kwa kafi, humtwika.

Tena kila kazi ina kafi lake. Mvuvi wa usiku hutaka bapa jembamba lenye kingo nyembamba, liingie majini bila mlio, samaki wasishtuke. Anayepanda mto kwenda Isangi na magunia ya mihogo hana haja na kimya. Hutaka bapa lishike, na mpini usiopinda. Anayeongoza kutoka nyuma hutaka urefu. Mzee mmoja mvuvi alituonyesha kafi lake lililopinda kidogo karibu na shingo. Mwanawe aliyeko Kisangani alikuwa amemletea zuri, jekundu, lililonyooka kama mstari wa daftari, naye alilipokea kwa shukrani, akalitumia juma moja, akalirudisha juu ya dari. Tulipomwuliza sababu, alisema lile lililopinda hugeuka lenyewe mkononi, na hilo jipya sharti aligeuze yeye. Kwa mtu apigaye kafi tangu utoto, hiyo ni sababu ya kutosha.

Mti nao una maneno yake. Makafi mengi hufanywa kwa ngula, ule mti mwekundu ambao wazee walisaga unga wake wakajipaka mwilini. Ni mgumu, hauozi upesi, nao huvumilia kugongwa na mawe. Lakini ngula ina uzito, na mchongaji mvivu akiacha mpini mnene, uzito huo wote humwangukia mnunuzi. Zaidi ya mti wenyewe, tazama nyuzi zake. Fundi mwema hupasua gogo kwa kufuata nyuzi, ndipo achonge. Nyuzi hizo zikitoka shingoni zikaenda moja kwa moja mpaka kichwani, kafi lina uhai. Zikikatika njiani na kutokea ubavuni, litavunjika, nalo halitavunjika nyumbani.

Twataka kueleza hapa habari ya mtoto mmoja, maana ndiye aliyetufanya tushike kalamu. Alikuwa mwanafunzi wetu, mwenye umri wa miaka 12, akikaa ng'ambo ya Aruwimi na kuvuka kila asubuhi katika mtumbwi mdogo pamoja na dada zake wawili. Hatukuanza kwa kuona kafi lake. Tuliona mwandiko wake. Herufi zake zilizokuwa zimesimama vizuri zilianza kulala, kisha kutetemeka, na insha aliyokuwa akiandika ukurasa mzima ikawa mistari mitano. Alichelewa pia. Tulimwita, tukamwambia afungue mikono. Viganja vilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka, na mkono wa kulia haukuweza kupanda juu ya bega.

Mama yake alipokuja alitueleza kwa upole. "Mwalimu, kafi hilo ni la Koko wake. Kabla hajafariki alisema apewe mtoto huyu. Ndilo analopigia."

Tulishuka naye ukingoni. Lilikuwa kafi la ajabu, jekundu iliyoiva, lenye michoro shingoni, lililofanywa kwa mtu mrefu aliyepiga kafi amesimama. Likisimamishwa kando ya mtoto lilimpita kichwa kwa shibiri tatu.

Mama alikuwa ametaka likatwe. Baba mdogo wa mtoto alikataa kabisa. "Kafi la marehemu halikatwi," alisema. "Likikatwa, kitabaki nini cha mzee?" Wasomaji wasimcheke. Alituonyesha mahali karibu na kichwa cha mpini ambapo mti ulikuwa umelika, ukafanya bonde dogo la vidole vinne na gumba. Ni mkono wa baba yake uliolichimba bonde hilo kwa miaka isiyohesabika. Hakuna picha ya mzee yule, wala karatasi yenye jina lake katika nyumba ile. Lilikuwapo bonde hilo. Na mtu angekata kafi kwa kipimo cha mtoto, mahali pa kukata palikuwa chini yake.

Kwa hiyo walimwita mchongaji, mzee mwenye maneno machache. Hakutazama kafi kwanza. Alimwambia mtoto apande mtumbwini, aende mpaka kwenye kichaka cha matete, arudi. Akasimama akimtazama, akamwambia aende tena ameketi, akamtazama tena. Ndipo alipolichukua kafi, akalilaza juu ya kidole kimoja ili aone linapolingana, akapitisha gumba lake katika lile bonde, akakaa kimya kitambo.

"Kafi hili ni zuri kuliko yote niliyoyashika mwaka huu," alisema. "Aliyelichonga alimjua mwenyewe vizuri sana. Lakini hakumjua mtoto huyu."

Mama alimwuliza kama laweza kupunguzwa. Mzee alitikisa kichwa. Akikata juu, alisema, bapa litakuwa zito kuliko mpini, nalo litamvuta mtoto mbele kila apigapo. Akilipunguza na bapa pia, litakuwa kafi jingine, ila jina tu litabaki la Koko. Angeharibu kafi zuri apate baya. Sisi tuliona kwamba maneno hayo yaliwapatanisha wote wawili kuliko hotuba yoyote ambayo mwalimu angeweza kutoa: baba mdogo alikuwa na haki asilikubali likatwe, na mama alikuwa na haki asikubali mtoto aendelee nalo.

Ilibaki habari ya malipo. Mama yule hakuwa na kitu mkononi. Alimgeukia baba mdogo, akasema bila kupaza sauti, "Shemeji, kafi la mzee umeliokoa. La mtoto, basi, ulilipie wewe." Watu waliokuwapo walitazama maji. Siku ya tatu baba mdogo alipeleka kwa mchongaji kuku mmoja na mafungu mawili ya samaki wa moshi.

Mzee alimpima mtoto kwa kamba, akiwa amesimama ndani ya mtumbwi wake mwenyewe, si nchi kavu. Kisha akaongeza upana wa vidole vinne, kwa kuwa mtoto hukua. Alichonga kwa mti mwepesi kuliko ngula, bapa jembamba, mpini wa unene ambao kidole cha kati kilikutana na gumba. Michoro hakuweka. Mtoto alipolipokea uso wake ulianguka, kwa maana wenzake walikuwa wameliona lile la zamani na kulisifu, na hili lilikuwa kama kijiko cha jikoni.

Tena halikumponya mara moja. Kwa majuma kadhaa mtumbwi wake uliendelea kukengeuka upande wa kushoto, kwa sababu mkono ulikuwa umejifunza kupigana na kafi refu, nao ulipigana na fupi vilevile. Mchongaji alituambia tumwache. Mkono, alisema, husahau polepole kuliko kichwa. Karibu na mwisho wa muhula tulisahihisha daftari, tukaona herufi zimesimama. Lile la Koko limetundikwa juu ya mlango, na usiku usio na mwezi baba mdogo hulishusha akaenda nalo kuvua. Yeye ni mrefu kama baba yake.

Kwa wale wasio na mchongaji wa kuwatazama, twaweza kusema haya tuliyoyaona kwa wenye ujuzi. Kabla hujalipa, mwombe muuza ruhusa ya kushuka majini; muuza mwema hakatai. Simama au keti kama ukaavyo kila siku, katika mtumbwi wa namna uliyo nayo. Piga mapigo mia moja, maana kumi ya kwanza kila kafi ni zuri. Angalia mkono wako wa juu: ukipita macho, mpini ni mrefu kwako. Angalia kiuno: ukiinama ili bapa lizame, ni mfupi. Sikiliza maji yanapoachana na bapa; yakilia sana, kingo ni nene. Mwisho, lilaze kafi juu ya kidole. Mahali linapolingana pasiwe mbali na mkono wako wa chini. Michoro itazame baada ya hayo yote, na kama ni mizuri, furahi.

Siku hizi kuna neno jingine. Mitumbwi mikubwa ya mbao yenye injini imekuwa mingi mtoni, na kijana mwenye kuendesha injini hulidharau kafi. Hata hivyo hachukui safari bila moja, kwa ajili ya saa petroli itakapokwisha au injini itakapozimika katikati ya mkondo. Tumetazama makafi hayo mara kadhaa. Karibu daima ni lile ambalo hakuna mtu mwingine aliyelitaka: zito, limepasuka kichwani, limelala chini ya mizigo na vikapu vya kuku. Tukiuliza lilipimwa kwa nani, wenye chombo hucheka. Lakini injini ikizimika, anayelitoa chini ya mizigo si mwenye chombo, bali yule kijana wa miaka kumi na mitano akaaye mbele na kupima kina cha maji kwa mti mrefu. Huyo ndiye wa kupimwa kwa kamba.